Mstari wa Makarai

Jiwe lilikuwa zuri, hakuna wa kubisha. Lilikuwa la marumaru nyeusi, refu kama mlango, limelazwa juu ya magogo mawili katikati ya karakana, na juu yake fundi alikuwa amechonga majina arobaini na moja kwa herufi zilizonyooka hata jirani asiyejua kusoma alisimama kuzitazama. Fundi alizoea mawe ya makaburi, kazi ambayo mwenye jina harudi kusifu. Safari hii alipewa kazi na idara ya maji. Tangi kubwa la kilimani lilikuwa linatimiza miaka arobaini, na Jumamosi wakubwa wangekuja kufunua jiwe lenye majina ya waliolijenga. Ijumaa lori lingekuja kulichukua. Leo ilikuwa Jumatatu, na kazi ilikuwa imekwisha, jambo ambalo kwa mafundi wa mji ule lilikuwa karibu na muujiza.

Mama yake fundi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alitoka chumbani akipapasa ukuta. Macho yake yalikuwa yameshaachana na maandishi siku nyingi, ila ulimi ulikuwa mzima.

"Hebu nisomee, mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake, binti wa miaka ishirini aliyekuwa akimsaidia baba yake kupiga mistari ya chaki. "Nisikie waliojenga tangi letu."

Binti akasoma. Kila jina Bibi alikuwa na neno lake. "Huyo? Alikuwa analala nyuma ya mifuko ya saruji, akiamka ni wakati wa chai." "Huyo alikuwa mtu na nusu, Mungu amrehemu." "Huyo alinitongoza, babu yako asisikie huko aliko." Binti alikuwa anacheka, fundi naye anacheka kichinichini, mpaka jina la arobaini na moja.

"Endelea," Bibi akasema.

"Yamekwisha, Bibi."

"Yamekwisha vipi? Umesoma wanaume tu."

Mkwe wa Bibi, mkewe fundi, aliyekuwa akifua uani, akaja na mikono yenye povu kusikiliza.

"Na sisi je?" Bibi aliuliza. "Siku ya kumwaga zege la paa, waya wa winchi ulikatika asubuhi. Zege limeshaanza, nusu ya paa imeshamwagwa. Zege halilali! Ukiliacha likauka, kesho ukamwaga jingine, pale yanapokutana ndipo maji yatakapopita mpaka kiama. Wanaume wako juu wanasawazisha, wako kwenye mashine wanachanganya. Nani apandishe? Msimamizi akatazama winchi, akatazama mbingu, mvua hiyo inakuja, halafu akatutazama sisi tuliokuwa chini tunagonga kokoto. Tukapanga mstari kutoka kwenye mashine mpaka paani. Asubuhi mpaka jua linazama, karai mkono kwa mkono. Lile tangi limevuja lini?"

"Halijawahi kuvuja," fundi alisema polepole.

"Unafungua bomba kila siku unanawa uso. Hata wewe ulikuwepo, tumboni mwangu, miezi minne."

"Mbona hujatuambia hata siku moja, mama?" mkwe aliuliza.

"Mliniuliza?"

Na kweli hawakumuuliza. Katika nyumba za watu wa kazi, husimuliwa magonjwa na harusi na ugomvi wa mashamba. Kazi yenyewe haisimuliwi, mtu anaifanya, anaoga, basi. Fundi alijikuna kichwa kwa kidole chenye vumbi jeupe. Alikuwa mtu wa kupenda amani, na watu wa kupenda amani huwa na jibu moja tu.

"Mama, mimi nachonga nilicholetewa kwenye karatasi."

"Karatasi iliandikwa na nani?"

"Ofisi."

"Basi kesho naenda ofisini."

*

Ofisini Bibi na mkwe wake walikaa saa mbili kwenye benchi, wakasogezwa mara tatu. Mara ya kwanza benchi lilikuwa la wenye ankara. Mara ya pili lilikuwa la wenye malalamiko ya mita. Mara ya tatu mfagiaji aliwaambia wanyanyue miguu, Bibi akanyanyua, akasahauliwa akiwa ameinyanyua. Mkwe alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu aliyezoea kutuliza watoto arobaini kwa jicho moja, na alianza kulitumia jicho hilo kwa wafanyakazi wa idara, bila mafanikio.

Afisa wa kumbukumbu hakuwa mtu mbaya. Tuseme ukweli, ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka kwapani, na alisimama kumpokea Bibi. Akalileta daftari la wafanyakazi wa tangi, limevaa karatasi ya nailoni kama mtoto wa shule.

"Bibi yangu, hili ndilo daftari. Mimi sikufuta mtu. Vibarua wa siku hawakuandikwa. Aliandikwa msimamizi, yeye ndiye aliyejua amempa nani nini."

"Msimamizi amekufa."

"Najua. Haya, nitajie. Mlikuwa wangapi?"

Bibi akafungua kinywa. "Wengi."

"Wengi ni wangapi?"

"Alikuwepo Mkono Chuma," Bibi akasema haraka. "Alikuwepo Sukari. Na Usinune. Na..." Akasimama. Akafumba macho. Akatikisa kidole kama anayegonga mlango. "Na yule... Mama Pacha."

Afisa alikuwa hajaandika kitu. "Mkono Chuma binti nani?"

"Binti nani? Mkono Chuma! Kazini hatukuitana kwa vyeti."

Mtu mmoja kwenye foleni ya ankara akacheka, na kicheko ofisini kinaambukiza kuliko mafua. "Muulize kama na Mguu Mbao alikuwepo!" mwingine akadakia. Foleni nzima ikaangua. Afisa akajitahidi asicheke, akashindwa kidogo pembeni mwa mdomo, na Bibi, ambaye macho yake hayakuona herufi, aliliona hilo.

"Bibi, hapa tunaandika majina, si matani," afisa alisema kwa upole. "Nileteeni orodha kamili, na mtu mwingine aliyekuwepo athibitishe. Alhamisi asubuhi, nitampelekea mkubwa. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Njiani mkwe alifoka mpaka sauti ikapata kutu. Bibi hakuwa ameudhiwa na wale waliocheka, cheko lao lilimpita. Kilichomuumiza ni kwamba alikuwa amefungua kinywa kuwataja wenzake, na wakatoka wanne tu.

*

Jumatano asubuhi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana akihesabu kwa vidole. Akapata kumi na mmoja. Akarudia, akapata kumi na wanne, kumbe Usinune amemtaja mara tatu. Akalia, na wala hakujificha.

"Bibi, acha kwanza, yatakuja," binti alimwambia.

"Yatakuja lini? Nikishakufa? Watu walimwaga jasho mpaka damu ya vidole, na mimi nimebaki na vidole tu!"

Fundi hakujua la kufanya na machozi ya mama yake, kwa hiyo akafanya la kufanya na mawe. Lori lingehitaji nafasi ya kurudi nyuma hadi karakanani, na sakafu ilikuwa imejaa vipande vya marumaru vya miezi mingi. Akachukua koleo akawa anajaza karai. Mkwe analichukua, anatembea nalo mpaka barabarani, anamwaga, anarudi. Binti naye na karai lake. Wanapishana, wanagongana viuno, wanaombana radhi.

Bibi akavumilia kwa muda. Halafu hakuweza tena.

"Mnatembea na karai kama mnampeleka mgonjwa!" alifoka akinyanyuka. "Simameni! Mtu asimame, karai litembee!"

Akajipachika kati ya mkwewe na mjukuu wake, mguu mmoja mbele, magoti yamelegezwa. Fundi akajaza, mkwe akapokea, akampa Bibi, Bibi akampa binti, binti akamwaga. Karai la pili likapita vilevile. Mgongo wa Bibi ulikuwa umenyooka, hata fundi aliliona hilo akashangaa. La tatu lilipofika mikononi mwake, bila kugeuza kichwa, Bibi akapaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde:

"Kibiriti!"

Binti aliruka, nusura karai limponyoke. "Nani, Bibi?"

"Toa mikono, usiulize!" Kisha Bibi mwenyewe akaganda. Akaitazama mikono yake. "Kibiriti," alisema tena, taratibu. "Jamani. Alikuwa mfupi, mkali kama nini. Yeye ndiye niliyekuwa nampa."

Ndipo alipowaeleza. Njia ya kupandia ilikuwa ya mbao, nyembamba, na macho ya kila mtu yalikuwa chini kwenye miguu yake. Hukuweza kumtazama unayempa. Kwa hiyo ulimwita. Ukisikia jina lako unajua karai limefika, unatoa mikono, unapokea, unageuka, unamwita wa mbele yako. Karai moja likipanda, majina yote yanapanda nalo. Siku nzima. Mtu hakutajwa kwa sifa yake wala ukoo wake, alitajwa tu alivyozoeleka, neno fupi, linalotoka kwa pumzi moja.

"Kwa hiyo Kibiriti alimwita nani?" mkwe aliuliza.

Bibi akafikiri. "Sijui. Mpaka aite."

Kumbe hayo majina hayakukaa kichwani moja moja. Yalikuwa yamefungana mkia kwa mkia, na kamba yake ilikuwa mikononi. Mkwe hakungoja. Alikimbia barabarani vilevile na miguu ya vumbi, akamwita mama muuza mboga, akamwita mshonaji wa jirani, akawaita wanawake watatu waliokuwa wakipanga ndoo bombani. "Njooni na mikono yenu, mtaelezwa baadaye!" Na wanawake, wakisikia kwamba kuna jambo na hawajaelezwa, ni nani atakayebaki nyuma?

Mstari ukanyooka kutoka karakanani mpaka ng'ambo ya barabara. "Kibiriti!" akaita Bibi, karai likaenda kwa binti; na lilipotoka kwa binti kwenda kwa muuza mboga, Bibi akasikia masikioni mwake sauti ya miaka arobaini iliyopita, akaitoa kwa kinywa chake: "Sukari!" Karai likaenda kwa mshonaji: "Mama Pacha!" Likaenda: "Sina Haraka! Huyo kweli hakuwa na haraka, lakini hakuwahi kudondosha!" Aliyekwisha kupokeza alikimbia mbele kupanga tena, na binti akatolewa kwenye mstari aandike, akawa anaandika ukutani kwa chaki kwa kuwa daftari lilikuwa mbali. Kila jina jipya lilipigiwa kelele kama bao.

Kisha fundi akasema, "Mawe yamekwisha."

"Yarudisheni!" wanawake wakapiga kelele kwa pamoja.

Fundi akasimama na koleo lake akiangalia vipande vyote alivyoviondoa vikirudi karakanani karai kwa karai, vikamwagwa miguuni pake, vikajazwa upya. Mara tatu vilitoka, mara tatu vikarudi. Ukutani palikuwa na majina kumi na manane. Bibi alikuwa amelowa jasho, kilemba kimemwangukia shingoni, anacheka kwa sauti ambayo mjukuu wake hakuwahi kuisikia.

"Hao ni wa juu yangu wote," alisema. "Wa chini yangu sikuwasikia vizuri, kulikuwa na kona ya ukuta. Aliyesimama konani ndiye aliyewasikia. Aliyekuwa ananipa mimi."

"Ni nani huyo? Yu hai?"

Kicheko kikamtoka Bibi usoni. "Chiriku. Yu hai, anakaa nyuma ya soko. Na sitaki kumsikia."

*

Hawakulazimika kumfuata. Mtaa uliokwisha kubeba mawe bure mara sita hauwezi kuficha siri. Jioni ileile Chiriku alifika kwa mkongojo, mwembamba, nguo zimemkaa sawasawa, akasimama mlangoni mwa karakana bila kuketi alipokaribishwa.

"Tarumbeta yupo?"

"Hapa hakuna tarumbeta, bibi," binti alijibu kwa adabu. "Hapa tunachonga mawe."

"Bibi yako, wewe! Tarumbeta!"

Bibi akatokea. Binti akaziba mdomo kwa viganja viwili. Miaka yote hiyo nyumba nzima ilikuwa inaishi na Tarumbeta bila kujua.

"Nimesikia unaandikisha," Chiriku alisema. "Nimekuja kuhakikisha unaandika ukweli. Siku ile lilianguka karai moja. Moja tu. Na uliyelidondosha ni wewe."

"Mimi? Ulilisukuma kabla hujaniita!"

"Nilikuita! Ulikuwa unacheka na Kibiriti!"

"Muongo wa miaka arobaini!"

"Na wewe ni mdondoshaji wa miaka arobaini!"

Kwa sababu ya karai hilo wanawake hawa wawili walikuwa wamepishana kwenye misiba, harusi na foleni za hospitali bila salamu. Msimamizi alikuwa amewatukana wote wawili mbele ya watu, na tangu siku ile kila mmoja alikuwa akimdai mwenzake tusi lake. Mkwe akaingia kati na jicho la chekechea, na safari hii likafanya kazi.

"Bibi zangu wote wawili. Mkigombana sasa, jiwe linakwenda bila hata mmoja wenu. Habari ya karai lililoanguka, tuiandike?"

"Andika!" wote wakasema.

Binti akaandika ukutani: *Karai moja lilianguka.* Akawasomea. Wakakasirika sawasawa, wakamlaumu yeye kwa pamoja, na katika kumlaumu kwa pamoja wakajikuta wamekaa kwenye benchi moja. Baada ya hapo Chiriku alimpa mkwe karai tupu alishike, akasimama wima bila mkongojo, akawataja wa chini ya kona. Yeye hakuhitaji mstari wa watu wala vipande vya mawe, mikono yake peke yake ilitosha. Kumi walitoka, mpaka Kidevu aliyekuwa chini kabisa. Kumi na kumi na wanane, na Chiriku, na Tarumbeta. Thelathini.

Bibi akayasikiliza yakisomwa yote kwa mpangilio, kuanzia chini hadi paani. Alisema, "Ndio hao," kisha akasema tena, "Ndio hao."

*

Alhamisi asubuhi walikwenda watano, fundi akiwa mmojawapo, amevaa shati la kwendea misibani. Afisa aliisoma orodha yote. Alimsikiliza Chiriku akithibitisha. Hakucheka safari hii. Akaenda na karatasi ofisi ya ndani, wakamsikia akiongea, wakamsikia mwingine akiongea kwa kirefu zaidi, akarudi.

"Mkubwa ameguswa sana," alisema, akaketi. "Lakini jiwe la idara haliwezi kuwa na jina kama Usinune. Wageni watasoma. Amekubali tuongeze mstari mmoja chini." Akamgeukia fundi. "Utaandika: *Na wengineo*. Herufi kumi tu, fundi, hazikupotezei muda."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kwa mazoea tu. Shingo yake ilikuwa imeitikia ofisi nyingi.

"Wengineo," Bibi alisema. "Huyo simjui."

"Maana yake ni nyinyi, Bibi."

"Hapana, baba. Wewe umesoma, mimi sikusoma, lakini huyo Wengineo hakuwa kwenye mstari. Hakuna aliyemwita, hakutoa mikono. Umwandike yeye umwache Sina Haraka?"

Afisa akainamisha macho kwenye meza. "Sina uwezo zaidi ya hapo."

Walirudi kwa miguu. Mkwe alitaka kuandika barua, binti alitaka kwenda redioni, Chiriku alitaka kumpiga mtu kwa mkongojo na hakuwa anachagua. Walipofika, fundi aliingia karakanani akasimama mbele ya jiwe lake zuri. Mteja mkubwa kama idara ya maji angeweza kumpa kazi za miaka, na angeweza pia kumfungia milango ya ofisi zote za mji. Alilijua hilo vizuri kuliko wote. Akavua shati la misibani, akalitundika msumarini.

"Binti, chaki," alisema. "Safu mbili, kumi na tano kumi na tano. Herufi ndogo lakini zisomeke. Anza na Kidevu."

"Baba! Umeruhusiwa?"

"Nimesema chaki."

Akawasha mashine yake ya kuchongea, kelele ikajaa mtaa. Mama yake alisimama mlangoni, akaweka kiganja kifuani. Fundi hakumtazama, akainamia herufi ya kwanza.

*

Ijumaa saa nane lori lilirudi nyuma hadi karakanani, likawakuta wanawake wa mtaa wamepanga pande zote mbili kama wanaongoja bibi harusi. Afisa alishuka na wabebaji wanne. Akaliona jiwe. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Fundi. Nani kakuruhusu?"

"Hakuna," fundi alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa, akaanza upya. "Hakuna, mheshimiwa. Kama hulitaki, liache. Nitalisimamisha hapa nje kwangu, watu watasoma wakienda dukani. Nyinyi kesho mtafunua pazia, nyuma yake kuna ukuta."

Kigelegele kilipasuka, kikafuatwa na kingine. Wabebaji wakatazamana. Afisa aliangalia saa, akaangalia jiwe, akaangalia simu yake bila kupiga. Alikuwa mtu wa taratibu, na kwa mara ya kwanza taratibu zake zote zilikuwa zimelala chali mbele yake na hakuna hata moja iliyomwambia la kufanya. Akachuchumaa. Akaanza kusoma kwa kidole, herufi kwa herufi, na kadiri alivyosoma ndivyo mabega yalivyomshuka.

"Kazi safi," alinong'ona. Kisha akanyanyua sauti. "Kesho nitamwambia mkubwa ni mimi niliyeruhusu. Nitaona atanifanya nini. Pakieni."

Hapo mtaa ukalipuka. Muuza mboga alimkumbatia mshonaji, Chiriku akamkumbatia Tarumbeta, kisha wakakumbuka, wakaachiana, kisha wakakumbatiana tena. Fundi alikaa chini kwenye vumbi akicheka na machozi yakimtoka. Lakini afisa alikuwa bado amechuchumaa. Kumbukumbu ndiyo kazi yake, na kazi humtoka mtu hata asipotaka.

"Bibi zangu," alisema. "Mlisema kila mmoja alimwita anayempa. Huyu Kidevu ndiye wa chini kabisa. Yeye nani alimwita?"

"Aliitwa na yule," Chiriku alijibu upesi, "aliyekuwa kwenye mashine. Aliyekuwa anajaza makarai."

"Mwanamke?"

"Mwanamke, sauti nzito. Karai la kwanza alijaza yeye na la mwisho alijaza yeye."

"Jina lake?"

Chiriku akamtazama Bibi. Bibi akafungua mikono, akapokea karai lisilokuwepo, akageuka, akarudi, akajaribu tena. Yule wa kwanza hakuwa akipokea kwa mtu. Alimwita Kidevu siku nzima, na hakukuwa na mtu nyuma yake wa kumwita.

Bibi akaketi kwenye gogo. Akanyanyua uso kumwelekea afisa.

"Sasa nimekuelewa, mwanangu," alisema. "Nilidhani mlitusahau kwa ubaya. Kumbe inatosha tu mtu asiwe na wa kumwita."

Mkwe akamshika Bibi bega akidhani analia, lakini Bibi alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake kwa miguu.

"Chiriku! Alikuwa anatokea upande gani asubuhi?"

"Machimboni. Alikuja na wale wa machimboni, na mtoto mgongoni. Wa kike."

"Mtoto ana miaka arobaini sasa, ana kinywa, anasema. Baba, jiwe lina nafasi?"

Fundi akapima kwa viganja chini ya safu. "Ipo ya mstari mmoja. Naweza kuchonga hata likiwa limeshasimama."

"Afisa, lori lako linapitia machimboni?"

"Halipitii, Bibi."

"Leo linapitia."

Na likapitia. Wanawake wawili wazee walikaa mbele kwa dereva, wakigombania dirisha, na afisa wa kumbukumbu, shati lake la pasi, alikaa nyuma juu ya jiwe pamoja na fundi na wabebaji. Machimboni palikuwa na nyumba arobaini hivi, zimetawanyika juu ya vifusi. Bibi alishuka kabla lori halijasimama vizuri, akaenda mlango wa kwanza bila kupapasa, bila kushikwa, akagonga kwa ngumi.

"Hodi! Hodi wenyewe! Tunamtafuta mwanamke mmoja aliyejenga tangi."

Mlango ukafunguliwa na mwanamume mwenye tonge mkononi. "Karibuni. Anaitwa nani?"

"Hatujui," Bibi alisema. "Ndilo tulilolifuata."